Nukta Niliyoifuta kwa Brashi

Wanangu, siku mliyotualika sisi wahitimu wa zamani pale chuoni kwenu, niliwadanganya.

Binti mmoja wa safu ya mbele, mwenye laptopu iliyojaa stika, alisimama akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama." Nikaitikia. Akauliza, "Katika miaka yako yote ya usanifu na uchapaji, kosa lako kubwa kuliko yote lilikuwa lipi?" Nikawapa kisa cha kadi ya harusi. Mnakikumbuka, maana mlicheka mpaka mwalimu wenu akafuta machozi: herufi moja ilidondoka, kadi ikawaalika watu kwenye "doa" ya binti wa watu badala ya ndoa, na baba wa bibi harusi akaja ofisini na boksi zima la kadi, akalimwaga mezani bila salamu.

Kisa kile ni cha kweli, ila hakikuwa jibu la swali. Nilipofika nyumbani Ilala nilivua viatu, nikakaa, nikajisikia vibaya. Nyinyi mnaingia kwenye kazi hii kesho kutwa, halafu mtu aliyeifanya mpaka nywele zikawa nyeupe anawapa kichekesho. Jibu lenyewe ni hili.

Jina langu mnalijua, Somoe. Nilitoka Newala kuja kusoma chuo hichohicho chenu, wakati huo majengo mawili tu, nikapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mtaa wa Mchafukoge. Kiwanda chenyewe kilikuwa chini ya ghorofa la makazi. Juu watu wanakaanga bizari, chini sisi tunanusa wino. Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Mponda, mtu wa kusini kama mimi, mwenye haraka na hofu ya kupoteza wateja. Kwenye mashine alikuwepo Dastani, kijana wa Ilala mwenye maneno mengi kuliko karatasi alizochapa. Na kwenye meza ya kusahihisha alikuwepo Mzee Ratilal.

Mzee Ratilal alianza kazi enzi za kupanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa vidole. Kila asubuhi aliwasha udi mbele ya picha ndogo ya mungu wake, akafuta miwani, ndipo akaitikia salamu zetu. Chuo kilinifundisha rangi na mpangilio. Yeye alinifundisha kusoma. Mnacheka? Mimi pia nilicheka. Nilijiona nimesoma.

"Jicho ni vivu, binti," aliniambia wiki ya kwanza. "Linasoma kile linachokitarajia. Usilipe nafasi."

Kwa hiyo alinifundisha kusoma pruufu, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, ili maana isinibebe. Tarakimu hazisomwi kwa macho. Zinasomwa kwa mdomo, moja moja, na mtu mwingine ameshika nakala ya mteja anafuatisha. Namba ya simu ya kwenye bango la duka tuliisoma kama watoto wa chekechea: sifuri, saba, moja, tano. Fanyeni hivyo hata leo. Kompyuta yenu inawapigia mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa, lakini haijui kama bei ni elfu tano au elfu hamsini.

Sheria yake nyingine ndiyo iliyonifikisha hapa. Ili muielewe, inabidi niwaeleze tulivyofanya kazi. Usanifu ukishakubaliwa na mteja, ulipigwa picha kwenye filamu kubwa. Filamu ilitoka nyeusi, maandishi yakiwa kama matundu yanayopitisha mwanga. Shida ni kwamba kila chembe ya vumbi nayo iliacha kitundu. Kwa hiyo unailaza filamu kwenye meza ya kioo yenye taa chini, unachukua brashi nyembamba yenye rangi nyekundu, unaziba vitundu vya vumbi kimoja kimoja. Kisichozibwa kitachapwa kama doa jeusi. Ukimaliza, Mzee alitaka uichukue ile nakala aliyoisaini mteja, uweke filamu juu yake, uangalie zote mbili kwa pamoja. Kama umeziba kisichostahili, hapo utakiona.

Inachukua dakika tano, na siku ile sikuzitoa.

Ilikuwa lebo ya dawa ya homa ya watoto. Mteja alikuwa msambazaji mdogo mwenye godauni mtaa wa pili, aliyekuwa anaweka dawa kwenye chupa na kubandika lebo za Kiswahili. Gari lake lilikuwa nje linanguruma. Bwana Mponda alikuwa anapita nyuma yangu kila baada ya muda, anasema, "Somoe, wanasubiri. Somoe, jamaa wataondoka." Vumbi lilikuwa jingi siku ile, filamu imejaa nyota. Nikapiga brashi, nikapiga brashi, nikampa Dastani akatengeneze pleti, lile bati la kuchapia. Nilijivunia kasi yangu. Lebo zikachapwa, zikakatwa, zikaondoka.

Siku mbili baadaye, yapata saa tano asubuhi, nilitoka kununua karanga kwa mama mmoja pale kona. Wauza karanga wa mtaa ule walikuwa wanachukua kwetu karatasi zilizoharibika za kujaribia mashine, wanakunja vikoni vya kuwekea karanga. Nikala zangu nimeegemea ukuta. Karanga zilipoisha nikakunjua karatasi, mazoea tu ya mtu wa chapa, kuangalia wino umekaaje. Ilikuwa lebo yangu. Nikasoma:

*Mtoto wa miezi mitatu hadi kumi na miwili: ml 25, mara tatu kwa siku.*

Nikasoma tena. Nikasoma kwa mdomo, kama Mzee alivyonifundisha. Mbili. Tano. Kati ya mbili na tano palitakiwa pawe na nukta. Mililita mbili na nusu. Ile nukta ilikuwa ndogo kama vumbi, na mimi nilikuwa naziba vumbi.

Halafu nikajipa moyo: hii ni karatasi iliyoharibika, pengine wino haukushika vizuri, pengine zilizokwenda kwa mteja zina nukta. Nikarudi ndani mbio, nikafungua kabati la filamu, nikailaza ile ya lebo kwenye kioo, nikawasha taa. Mwanga ulipita kwenye mbili, ukapita kwenye tano. Katikati palikuwa na alama nyekundu ya brashi, nadhifu kabisa. Na filamu hiyo moja ndiyo iliyorudiwa rudiwa kwenye pleti nzima. Hakukuwa na lebo hata moja yenye nukta.

"Sista, umeona jini?" Dastani akauliza.

Nikaipeleka filamu na ile lebo yenye mafuta ya karanga mezani kwa Mzee Ratilal. Alitazama kwa muda mfupi sana. Bwana Mponda alikuwa amesimama karibu, akainama naye akaona. Akafunga mlango.

"Mteja alisaini pruufu," Bwana Mponda alisema kwa sauti ya chini. "Saini ipo. Sisi tunajikinga kwa hiyo saini."

"Pruufu aliyosaini ina nukta," Mzee akasema. "Nani alisafisha filamu?"

Hapa wanangu nataka nisiwafiche kitu. Filamu ile ilipita mikononi mwa watu wawili, mimi na Dastani. Hakukuwa na karatasi inayosema nani alishika brashi. Dastani hakuwa anaelewa hata tunazungumzia nini. Kwa pumzi moja, labda mbili, nilinyamaza, na katika kunyamaza kule nilikuwa nafikiria. Sitawaambia nilifikiria nini, mnaweza kukisia.

"Mimi," nikasema.

Mzee akavaa kofia yake. "Basi tunaenda."

"Kwenda wapi?" Bwana Mponda akauliza. "Jamani, tulieni kwanza, tupange la kusema. Tukitangaza, kiwanda kimekwisha."

"Bwana Mponda, wewe piga simu godauni wasitoe chupa nyingine. Hilo la kusema utalipanga tukirudi."

Godauni tulimkuta msimamizi amekwisha kupokea simu, ametoka jasho mpaka kola imelowa. Habari nzuri ilikuwa kwamba kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza: katoni nyingi zilikuwa bado pale, na zilizotoka ni tatu tu, jana jioni, kwenda maduka matatu ya dawa Kariakoo. Akatuandikia majina ya mitaa kwenye kipande cha karatasi. Mzee alikuwa na zaidi ya miaka sitini na mguu mmoja mbovu. Sijui alipata wapi ile kasi. Tulipita katikati ya mikokoteni na marobota ya vitenge, watu wanatupigia kelele tuwapishe, naye anawaambia "samahani, samahani" bila kupunguza mwendo.

Duka la kwanza, katoni haijafunguliwa. La pili, haijafunguliwa. Nilianza kupumua. Nilianza hata kupanga kichwani jinsi nitakavyokisimulia kisa hiki siku moja kwa kucheka.

Duka la tatu, mwenye duka, dada mmoja wa makamo, alivuta katoni kutoka chini ya kaunta. Ilikuwa imefunguliwa. Tukahesabu chupa. Ilipungua moja.

"Nimeuza asubuhi, nilipofungua tu," akasema. "Mama mmoja ana mtoto mgongoni, mtoto analia homa. Kwani kuna nini?"

Mzee akamweleza. Yule dada akakaa kwenye kiti chake taratibu. Hakumjua jina yule mama. Alijua tu kwamba anakaanga mihogo Jangwani, karibu na kule wanakofanyia mazoezi wachezaji, maana alinunua akiwa na ndoo ya mihogo mibichi.

Mzee hakuweza tena kutembea. Mguu ulikuwa umekataa. Alishika meza ya duka akaniambia, "Nenda wewe. Ukimkuta, usianze na maelezo. Anza na mtoto."

Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia na bonde la Jangwani lilikuwa tope tupu. Niliulizia mama wa mihogo kwa kila niliyekutana naye. Wa kwanza hajui, wa pili ananielekeza kwa mwingine ambaye anakaanga viazi. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, nikakiacha. Saa ilikuwa inakimbia na mimi nahesabu: lebo inasema mara tatu kwa siku. Kama alimpa asubuhi, mchana anampa tena. Nilipomwona mtu anakula nikajua mchana umefika.

Mwishowe mzee mmoja wa duka la mkaa akaninyooshea kidole: "Mama Mwajuma? Nyumba ile yenye mlango wa bati la bluu."

Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta mama wa umri kama wangu wa wakati ule amekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, chupa iko wazi pembeni na kijiko kimo mkononi.

"Usimpe!" nikapiga kelele. Hodi sikupiga, salamu sikutoa.

Aliruka, dawa ikamwagika kwenye mkeka. "Wewe nani? Unataka nini kwa mwanangu?"

"Dada, hiyo dawa. Umempa kiasi gani? Umempa mara ngapi?"

"Mara moja, asubuhi. Sasa homa imerudi ndiyo nataka kumpa tena. Wewe ni nani?"

"Umempa kiasi gani?"

"Vijiko vitano vya chai. Yule wa dukani aliniambia kijiko cha chai ni mililita tano." Akaichukua chupa, akaigeuza, akanionyesha kwa kidole. "Si hii hapa? Ishirini na tano. Hata mimi nilishangaa, nikasema mbona nyingi kwa mtoto wa miezi minane. Nikasoma mara mbili. Lakini si imeandikwa?"

*Si imeandikwa.* Wanangu, nimetengeneza mabango, vitabu, maboksi ya sabuni, kalenda za misikiti na za makanisa. Watu wamenisifia rangi na herufi. Hakuna aliyewahi kuniambia neno zito kama lile. Yule mama hakunijua, hakuijua hata Mchafukoge yetu ilivyo, lakini kati ya wasiwasi wake mwenyewe na karatasi yangu, aliiamini karatasi yangu.

"Imeandikwa vibaya," nikamwambia. "Ni mbili na nusu. Mimi ndiye niliyeikosea. Twende hospitali sasa hivi."

Nilitegemea anipige. Alinitazama, akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amelegea, sijui kwa homa au kwa kile kingine. Halafu akanyoosha mikono, akanipa yule mtoto.

"Mshike nivae viatu."

Nilimshika. Alikuwa wa moto kama chapati iliyotoka kwenye kikaango, na mwepesi mno.

Hospitali walituuliza maswali yaleyale mara nyingi: lini, kiasi gani, alitapika? Ndipo Mama Mwajuma akakumbuka kwamba alitapika, kidogo tu baada ya kumeza, karibu nusu. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, akaandika. Akaniuliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyetengeneza lebo. Aliacha kuandika.

"Ungechelewa," alisema, "angepewa ya pili, na kesho ya tatu na ya nne. Dawa hii haiui kwa kelele. Mtoto angelala tu." Akamtoa mtoto damu ya kupima ini, akasema tusubiri mpaka kesho wapime tena.

Tukasubiri. Mama Mwajuma kwenye kitanda na mtoto, mimi kwenye benchi na kiatu kimoja. Mzee Ratilal akafika na chupa ya chai, akamwamkia yule mama kwa heshima zote ingawa alikuwa mkubwa kwake mara mbili, akamwomba msamaha kwa niaba ya kiwanda. Alisema "tumekosea," siyo "Somoe amekosea." Nilimsikia vizuri na sijasahau.

Kesho yake alasiri majibu yalitoka: ini la mtoto halikudhurika. Homa yenyewe ilikuwa malaria, wakaanza kuitibu. Mwajuma alidai nyonyo kwa sauti ya kuamsha wodi nzima, na mama yake ndipo akalia, mara ya kwanza tangu jana.

Bwana Mponda alitaka kunifukuza, kisha hakutaka, kisha akataka. Yule msambazaji alikuja na hasira zake, akatoka na hasira zake. Zote hizo ni haki yao. Nilibaki kwa sababu Mzee alisema akiondoka Somoe na yeye anachukua picha ya mungu wake anaenda nyumbani. Lakini sikutaka kuwaeleza jinsi nilivyonusurika kazini. Nataka niwaeleze kilichotokea siku tulipochapa lebo upya.

Safari hii tulifuata kila sheria. Tulisoma kwa kurudi nyuma. Tulisoma tarakimu kwa mdomo, mimi na Mzee, mbili, nukta, tano, mpaka Dastani akaanza kuimba. Nukta niliikuza mpaka ikaonekana kama punje ya mtama. Filamu ilikaa juu ya nakala ya mteja, haikupungua kitu. Nilikuwa na uhakika kama nilivyokuwa na uhakika wa jina langu.

Mama Mwajuma alikuja asubuhi ile. Hakuitwa. Alisema anataka kuona kinavyotengenezwa, hicho kilichomfanya ampe mwanae sumu kwa mkono wake mwenyewe. Bwana Mponda alitaka kumzuia mlangoni. Mzee akamletea kiti. Nikampa karatasi ya kwanza iliyotoka mashineni, wino haujakauka, Dastani anaongeza karatasi nyingine nyuma yangu.

Akasoma kimya. Akasoma tena kwa sauti. "Mbili nukta tano."

"Sawasawa," nikasema. Nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Akaangaza huku na huku. Kwenye meza ya Mzee palikuwa na kikombe cha chai, kijiko ndani yake. Akakichukua, akakifuta kwa khanga, akamimina maji ya kunywa kwenye kikombe kitupu, akanitazama.

"Haya. Kijiko hiki ni tano, nimeambiwa. Hiyo mbili nukta tano naipimaje?"

Nikafungua mdomo kumjibu kwamba ni nusu. Nusu ya kijiko. Ni hesabu rahisi. Lakini karatasi aliyoishika haikusema nusu, wala haikusema kijiko. Ilisema ml, na nukta yangu nzuri, kubwa, iliyosimama mahali pake. Nyumbani kwake asubuhi ile hakukuwa na mtu wa kumfanyia hesabu, kulikuwa na mtoto anayelia.

Akachovya kijiko, akakitoa kimejaa pomoni, maji yanadondoka. "Hivi?" Akamwaga kidogo. "Au hivi? Na mama yangu asiyejua kusoma kabisa, ambaye ndiye anayebaki na mtoto mimi nikienda kuuza, yeye afanye vipi?"

Nilichukua penseli, nikamwomba ile karatasi, nikachora pembeni kijiko, nikakipaka kivuli mpaka nusu. Akakiangalia, akatikisa kichwa. Akaninyang'anya penseli, akachora mstari ulionyooka kuonyesha maji yanapoishia, mnene, wa mkono usiozoea kuchora. "Hapa," akasema. "Weka hapa mtu aone."

Mzee Ratilal alikuwa amesimama nyuma yetu, miwani mkononi. Akatazama ule mchoro, akatazama rundo la lebo zilizokwisha kuchapwa bila kosa hata moja. Kisha akamgeukia Dastani.

"Zima mashine," akasema. "Hatujaanza."